Mtoto kafika miezi sita, tumpe nini cha kula na cha kutafuna? Na hili la unga wa lishe wa nafaka kumi tulimalize humu

MamaWatatu_Dom

Wakuu habari za jioni, wamama, wababa na mabibi mnaolea wajukuu. Kila wiki naulizwa swali lile lile inbox, mtoto wangu anafikisha miezi sita nimuanzishie nini, nikimjibu huyu kesho anakuja mwingine, nimeona bora nifungue uzi mmoja kila mwenye lake aongeze. Mimi nimesomea lishe pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kazi yangu ni kuzunguka na wahudumu wa afya huku Dodoma vijijini, kwahiyo nitakayoandika ndiyo yale yale nayasema kila siku chini ya mwembe, ila humu nitasema na yale ambayo kwenye mkutano huwa nayameza.

Kwanza muda. Miezi sita kamili ndiyo ya kuanza, siyo minne na siyo minane. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha hata maji hayahitajiki, hata kama ni Dar na ni Februari. Baada ya hapo maziwa bado ni mazuri sana na mtoto aendelee kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi, ila hayatoshi tena peke yake, hasa madini chuma, maana akiba aliyozaliwa nayo inakuwa inaisha isha. Mtazame na yeye mwenyewe, je shingo imekaza, anakaa ukimshikilia kidogo, akiona sahani yako anainyemelea, ukimpa kijiko hakisukumi nje na ulimi kila mara. Basi huyo yuko tayari.

Pili, na hapa ndipo penye ugomvi wangu na nusu ya nchi: UJI MWEPESI. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kama mililita 240 tu, hakijai hata kikombe cha robo lita. Sasa wewe unamjaza uji unaotiririka kama maji ya mchele, anashiba, analala, wewe unafurahi, kumbe kashiba maji. Uji wa mtoto uukoroge uwe mzito, ukiinamisha kijiko unashuka polepole, haumwagiki. Halafu ndani yake kuwe na kitu: kijiko cha mafuta au tui, karanga iliyosagwa, maziwa, yai, dagaa wa unga. Uji mtupu wa sembe na sukari siyo chakula cha mtoto, narudia, SIYO.

Tatu, unga wa lishe. Nafaka kumi. Nafaka kumi na mbili. Juzi nimeuona wa kumi na tano umeandikwa kwa mkono kwenye kindoo, mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, shayiri, soya, karanga, korosho, mbegu za maboga, dagaa, sijui na nini. Mahindi na mchele na ngano na mtama vyote vinafanya kazi moja mwilini, ukiviweka vinne hujaongeza lishe, umeongeza bei. Na hizo karanga na mahindi ndizo zinaongoza kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, huku kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa hii kitu, Kenya mwaka 2004 walikufa 125 kule Ukambani, Makueni na Kitui ndiko kulikoathirika sana. Haina harufu, haina ladha, na ukipika haifi. Karanga iliyooza ukiishika mkononi unaiona ukaitupa, ikishasagwa humo ndani nani anaiona tena?

Ushauri wangu: nafaka moja ya uji, basi. Ulezi, au mahindi dona, au mchele. Karanga nunua mwenyewe, chambua mwenyewe, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kaanga, saga kidogo kidogo, weka kwenye uji wakati wa kupika. Dagaa hivyo hivyo, pembeni. Ukifanya hivi mtoto akiharisha au akitoka vipele unajua ni kipi.

Asusa nitarudi baadae, betri inakata.

---

BintiPangani

Asante sana dada umenigusa. Mie niko Tanga wangu ana miezi minne na nusu, mama mkwe anasema mtoto analia usiku kwa sababu ya njaa na maziwa yangu mepesi, basi nikitoka kazini nakuta kishampa uji wa mchele kwa chupa, tena ule wa kuchuja. Nikisema naambiwa mume wako nilimlea hivi hivi na kaenda jeshi. Nifanyeje jamani bila kuvunja nyumba?

---

MamaWatatu_Dom

@BintiPangani pole mwanangu. Maziwa mepesi hakuna, yale ya mwanzo wa kunyonya yanaonekana kama maji na ya mwisho ndiyo yana mafuta, mwache amalize ziwa moja ndio umpe la pili. Mtoto wa miezi minne kulia usiku ni umri, siyo njaa. Usigombane na mama, nenda naye kliniki siku ya kupima uzito, mwache nesi amwonyeshe kwenye kadi ule mstari wa mtoto unavyopanda vizuri kwa maziwa peke yake. Mkwe ukimwambia wewe ni ubishi, akiambiwa na nesi ni habari. Na unapokwenda kazini kamua, maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kivulini masaa manne bila friji, ampe kwa kikombe. Ile chupa itoe kabisa, chuchu yake ni ngumu kusafika na kuharisha kwingi kunaanzia hapo.

Halafu mwambie kazi yake inakuja, mwezi mmoja na nusu ujao uji wa mchele wenye tui atapika yeye na hakuna atakayempita. Mpe heshima yake.

---

MsagajiLishe_Mbagala

Dada yangu MamaWatatu umeongea vizuri ila umetupiga sisi wengine chini ya mkanda. Mimi nasaga unga wa lishe, nina wateja, nina watoto wamekua kwa huo unga. Siyo wote tunaokota okota. Mimi soya naichemsha kwanza naitoa maganda naanika halafu ndiyo nakaanga, karanga nachambua na wasichana wawili siku nzima, na kwenye ndoo naandika tarehe. Mama wa mjini anaondoka saa kumi na moja asubuhi anarudi saa mbili usiku na foleni, unamwambia akaange karanga saa ngapi? Unga wangu dada wa kazi anachota vijiko vinne anakoroga basi. Ukimwambia huyo mama aache atarudi kwenye sembe na sukari uliyoisema wewe mwenyewe.

---

MamaWatatu_Dom

@MsagajiLishe_Mbagala kaka au dada sijui, umeongea hoja. Kuhusu soya nakupa pongezi kabisa, wengi wanaisaga mbichi, na soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, mtoto anapata gesi na kuharisha halafu wanasema meno yanaota. Wewe unaichemsha, uko mbele ya wengi.

Lakini nikuulize mawili. Moja, ukichanganya dagaa na karanga kwenye unga, vyote vina mafuta, vinaanza kuchacha mapema kuliko nafaka, je mteja wako anamaliza ndoo kwa muda gani kwenye joto la Mbagala? Mbili, hizo nafaka zako ni ngapi na kwa nini? Kama ni nafaka moja na kunde moja na umezipima, mimi sina neno na wewe, ningenunua. Ugomvi wangu ni ule mkorogo wa kuringishia idadi.

---

MsagajiLishe_Mbagala

Nafaka tatu, soya na karanga. Dagaa niliacha, harufu wateja walilalamika. Ukweli nikiandika "nafaka moja" hakuna atakayenunua, jirani kaandika kumi na nne anauza mpaka Kigamboni. Hilo ndilo soko dada, mimi sikulitengeneza.

---

mjukuu_wa_chifu

Mnasumbuka sana nyie. Sisi tumelishwa ugali na mlenda toka tuna meno mawili, leo tuna degree na matumbo. Haya mambo ya madini sijui makundi ya vyakula ni kula hela za wafadhili tu.

---

MamaWatatu_Dom

@mjukuu_wa_chifu ugali na mlenda sijaukataa, ukiwa na dagaa ndani nakuunga mkono kwa miguu yote. Ila hilo la tumekua tu, hebu chukua takwimu za taifa za 2022: watoto 30 kati ya 100 chini ya miaka mitano wamedumaa. Na mkoa unaoongoza siyo mkoa wa njaa, ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, wakifuatiwa na Njombe na Rukwa. Huko ndiko mahindi yanatoka, viazi vinatoka, maziwa yapo, parachichi zinapakiwa kwenda Ulaya. Debe la mahindi limejaa ndani na mtoto kadumaa. Kwahiyo shida siyo kushiba, watu wanashiba. Ni nini kimo ndani ya hicho kibakuli cha mtoto, nani anamlisha wakati mama yuko shamba toka alfajiri, na anaumwa mara ngapi. Kudumaa hukuoni kwa macho mkuu, unamwona mtoto mfupi mchangamfu unasema karithi babu yake.

---

OmenaNaMboga_Ksm

Sasa watu wangu, mimi niko Kisumu. Hapa kwetu omena, hao dagaa wenu, ndio kila kitu, na huyu dada ako sawa kabisa ile ya kusaga kando. Mimi huwa nachemsha maji ya moto naosha omena mara mbili tatu mpaka mchanga iishe, nakausha kwa sufuria bila mafuta, natoa vichwa nasaga kwa blenda inakuwa poda, naweka kwa chupa ndogo ya wiki moja tu. Kijiko kimoja kwa uji ya wimbi (ulezi) ama kwa mboga ya managu, mtoi hata hajui kuna samaki hapo ndani.

Swali langu ni hii, mtoto wangu ako na miezi nane sasa, anakula vizuri lakini akiona sisi tunakula anataka kushika ya kwake na mkono. Bibi yangu, mke wangu, anaogopa atakabwa. Ni sawa kumpa ashike?

---

NesiZamuYaUsiku

Ni sawa kabisa na umri ndiyo huo, miezi minane tisa mtoto anataka kushika mwenyewe na anajifunza kutafuna, ukimlisha vilivyosagwa tu mpaka mwaka baadae atakataa chochote chenye punje. Ila kuna sheria za kumpa, na niwaambie mimi niko wodi ya watoto nimeona vingi.

Akae wima. Siyo amelala, siyo mgongoni, siyo anatambaa na kitu mdomoni, na siyo kwenye bodaboda. Mtu mzima awepo anamtazama, siyo yuko na simu. Kipimo cha ulaini ni vidole vyako viwili, kibonyeze, kikipondeka basi na ufizi wake utakiponda. Kipande kiwe kirefu kama kidole chako ili akikamate na ngumi kikachomoza, vile vidogo vya mviringo ndivyo vinaingia kooni na kukaa kama kizibo.

Vya kukataa moja kwa moja, na msiseme kidogo tu: karanga nzima, korosho, bisi, pipi, jojo, ubuyu wa mbegu, mahindi ya kuchoma, njugu mawe nzima, zabibu nzima, karoti mbichi, soseji iliyokatwa duara, miwa, na samaki ambaye hujampitia kwa vidole vyako mwenyewe kutafuta miiba. Karanga nzima na bisi ngojeni mpaka miaka minne mitano huko. Ubuyu huu wa rangi nyekundu ndiyo unanitoa roho, kaka mtu wa miaka mitano anamgawia mdogo wake wa miezi kumi kwa upendo kabisa.

Na mjue tofauti. Mtoto akikohoa, akafanya kama anataka kutapika, macho yanamtoka, anatoa sauti, huyo anajisaidia mwenyewe, mwache akohoe na usiingize kidole. Anayepaliwa kweli hana sauti, halii, hakohoi, anabadilika rangi. Huyo sasa mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, shikilia taya, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 na kisigino cha kiganja, kwa nguvu za maana. Haijatoka mgeuze chali, kandamiza katikati ya kifua chini kidogo ya usawa wa chuchu mara 5, tena mgongo, tena kifua, huku mwingine anatafuta usafiri. Usimkamate miguu ukamning'iniza, usimpe maji, usimpe ugali amezee, usichokonoe kidole kitu ambacho hukioni utakisukuma ndani. Hiyo ya kumkumbatia tumboni ni ya wakubwa, chini ya mwaka mmoja unampasua ini.

Hii post isomeni pamoja na dada wa kazi. Yeye ndiye anashinda na mtoto.

---

BabaJunior_Temeke

Nesi umenitisha mpaka nimeenda kutazama chini ya kochi kama kuna ubuyu. Mimi ni baba, mke anafanya shift kwahiyo mchana wa jumamosi na jumapili ni wangu. Sasa semeni ukweli, mtoto wa miezi kumi akilia saa kumi jioni nampa nini? Maana kwa mangi kuna biskuti, juisi ya boksi, krips na andazi. Chipsi nayo ni viazi si ndiyo? Namtolea chumvi.

---

MamaWatatu_Dom

Nimerudi na chaji. @BabaJunior_Temeke swali lako ndilo nililoliahidi.

Kuanzia miezi tisa mtoto anakula milo 3 mpaka 4 na asusa mara 1 au 2 katikati, kabla ya hapo milo 2 mpaka 3 na maziwa yanajaza. Asusa ni chakula kidogo, siyo kinyamazisho. Ndiyo maana biskuti na krips haziingii, zinaua hamu ya mlo wa jioni na ndani hamna kitu zaidi ya unga na mafuta na sukari au chumvi. Chipsi za barabarani, mafuta yale wanayoyakaangia wewe na mimi hatujui yalimwagwa lini, kiazi hicho hicho kichemshe nyumbani ukiponde na maziwa. Andazi likizoeleka halitoki. Juisi ya boksi soma pembeni, maji sukari rangi, mtoto anywe maji yaliyochemshwa tu kwenye kikombe. Soda sitaki hata kuijadili.

Sasa nakupa ya kwako ya saa kumi jioni, vyote viko Temeke Stereo sokoni. Parachichi, lichukue lililoiva, ponda au kata vidole vinene, likiteleza mkononi mpakie unga kidogo wa karanga ashike. Ndizi mbivu. Papai. Embe lisilo na nyuzi. Boga. Kiazi kitamu, na ukikuta vile viazi lishe vya rangi ya chungwa nunua hivyo, wale watafiti waliovisambaza Afrika walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, siyo mchezo, mtoto anapata vitamini A ya maana kwa kipande cha kiganja chake. Mtindi usio na sukari. Yai la kuchemsha likaiva kabisa, robo kesho nusu, kiini na ute wote. Wazee wengine watakuambia mtoto akila yai anachelewa kuongea, tabasamu, endelea kumenya.

Baba wa jumamosi akiwa na parachichi na yai ndani kashamaliza, wala hahitaji mangi.

Asali bado, mpaka afikishe mwaka, hata ya nyuki wadogo, hata ya dawa ya kikohozi, kuna vijidudu vinalala humo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi vinamlegeza misuli mpaka kupumua. Maziwa ya ng'ombe kwenye uji sawa, ila yasiwe ndiyo kinywaji chake badala ya kunyonya mpaka apite mwaka. Na chai! Chai na mkate kwa mtoto wa miezi tisa naikuta kila nyumba, chai inazuia madini chuma yasiingie mwilini, unampa dagaa mchana chai inayafukuza.

---

Mswahili_Leicester

Habari za huko, mimi niko Uingereza huku nina pacha wa miezi saba. Huku shule ni nyingine kidogo, wanahimiza mtoto ajilishe mwenyewe toka mwanzo, unamwekea mche wa brokoli anauchezea kwenye kiti, nusu sakafuni nusu masikioni. Wangu mmoja anapenda mwingine ananiangalia tu anasubiri kijiko, nafanya vyote.

Nataka kuchangia kwenye karanga maana huku watu wanaogopa mzio mpaka shule zimepiga marufuku. Zamani madaktari walikuwa wanasema ucheleweshe. Mwaka 2015 utafiti wa London wa profesa Gideon Lack ukageuza hilo, walichukua watoto 640 waliokuwa kwenye hatari ya mzio, nusu wakapewa karanga toka wachanga kati ya miezi 4 na 11, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano, waliopewa mzio ulipungua kwa kama asilimia 80. Walianza kujiuliza baada ya kuona watoto wa Kiyahudi wa London wana mzio wa karanga mara kumi kuliko wenzao wa Israel, na kule Israel watoto wanatafuna vitafunwa vile vya kuvimba vya karanga toka hawana meno. Kwahiyo bibi zetu na uji wa karanga walikuwa mbele. Ila kama mtoto ana ukurutu mkali wa ngozi au kashawahi kuvimba kwa yai muulize daktari kwanza.

---

NesiZamuYaUsiku

Sahihi. Na niongeze, siagi ya karanga msimpe bonge kwenye kijiko, inanata kooni kama gundi, ichanganye kwenye uji au ipake nyembamba kabisa. Chakula kipya mpe asubuhi au mchana, siyo usiku, ili akivimba midomo, akitoka malengelenge au akikoroma muwe macho na kituo kiko wazi.

---

BibiWaMachame

Wanangu nimesoma yote kwa miwani, mjukuu ndiye ananiandikia. Mbona hamjataja mtori? Sisi Machame mtoto akianza kula ni mtori. Unamenya ndizi mbichi, unachemsha na nyama yenye mfupa mpaka nyama inaachia, unatoa mfupa, unaponda kwa mwiko mpaka iwe laini, unaongeza maziwa au siagi ya ng'ombe kidogo. Nyama unaichambua nyuzi nyuzi unaiponda na ndizi, siyo unampa mtoto supu wewe unakula nyama. Hilo naliona sana siku hizi, supu kwa mtoto, nyama kwa baba.

---

MamaWatatu_Dom

Bibi shikamoo! Hapo kwenye supu umemaliza kila kitu, nguvu iko kwenye nyama siyo kwenye maji yake. Hata maharage hivyo hivyo, watu wanampa mtoto mchuzi wa maharage anaachiwa rojo jekundu, maharage yenyewe hayajaguswa. Ponda maharage, pitisha kwenye chujio kama maganda yanamsumbua. Na nyama siyo lazima kilo, ini la kuku mawili kwa wiki, la shilingi kidogo tu buchani, lipikwe likauke damu lipondwe, lina chuma na vitamini A kuliko unga wowote wa ndoo.

Na bibi nikuombe, wale wa kwenu bado wanatengeneza kimea cha ulezi siyo tu cha mbege? Maana kile ni dawa ya uji. Kwa wasiojua: loweka ulezi usiku mmoja, uweke kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka tatu uchipue, anika juani kwenye turubai ukauke kabisa, sugua mizizi itoke, saga. Ukishapika uji mzito unaokaza mwiko, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga, utaona wenyewe unalegea bila kuongeza tone la maji, urudishe jikoni uchemke tena kidogo. Mtoto mgonjwa au mvivu anakunywa chakula chote kile kizito kama uji mwepesi. Tumia ulezi, siyo mtama, mtama ukichipua unatoa sumu.

---

BibiWaMachame

Marahaba mwanangu. Kimea kipo, ila wajukuu wanakijua kwenye mbege tu.

---

OmenaNaMboga_Ksm

Hiyo ya kimea nitajaribu na wimbi. Asanteni pia kwa ile ya vidole viwili, bibi yangu ameikubali. Leo amempa kiazi.

---

AnonMwenge

Wangu miezi saba, nilianza na ndizi na uji wa ulezi, sasa siku tatu choo kigumu kama mbuzi analia akienda. Na akiona kijiko anafunga mdomo anageuza uso. Nimlazimishe?

---

NesiZamuYaUsiku

Usimlazimishe kamwe, na usimshike pua afungue mdomo, hiyo ndiyo njia ya kupaliwa na ya kuchukia chakula. Akigeuza uso kashiba au kachoka, toa, jaribu tena baada ya saa. Kitu kipya anaweza kukikataa mara nyingi, nane, kumi, halafu siku moja anakila. Wewe kula mbele yake.

Choo: ndizi mpumzishe kwa siku mbili tatu, mpe papai na parachichi, maji ya kuchemsha vijiko kadhaa baada ya kula, na kunyonya kusipungue. Mfanyie miguu kama anaendesha baiskeli. Kukiwa na damu, au tumbo limevimba na anatapika, hiyo siyo ya humu, nenda kituoni. Na kama miezi sita matone ya vitamini A hajapewa ulizia hapo hapo, miezi tisa kuna surua, usipitishe.

---

BabaJunior_Temeke

Na hela je? Parachichi wiki hii kapanda, ini, mtindi, mayai, mbona kama mnatulisha supamaketi.

---

MamaWatatu_Dom

Supamaketi gani baba. Leo nyumbani kwako mmepika nini? Kama ni ugali, mchicha na dagaa, kabla hujatia chumvi na pilipili mtolee wa kwake kwenye kibakuli, dagaa watwange, mchicha ukatekate sana, ugali uulegeze na mchuzi, tia kijiko cha mafuta, umemaliza. Kama ni wali maharage ponda vyote. Mtoto wa miezi sita anaanza na vijiko viwili vitatu tu vya mezani, wa miezi minane nusu kikombe, unapungukiwa nini kwenye sufuria? Mayai mawili kwa wiki ni bei ya soda moja. Kinachomaliza hela za wazazi ni makopo na vijipakiti vyenye picha ya mtoto mnene. Kibakuli chake kiwe cha peke yake, asishindanie sahani moja na kaka zake, ujue kala kiasi gani, na mikono ioshwe kwa sabuni, yako na yake, kiporo cha asubuhi asipewe jioni kama huna friji.

---

MsagajiLishe_Mbagala

Dada MamaWatatu nimekaa nimefikiria. Natengeneza wa ulezi peke yake, na karanga iliyochambuliwa kwenye kopo dogo la pembeni, vinauzwa pamoja. Nitaandika nini mbele ili Kigamboni wasinikimbie?

---

MamaWatatu_Dom

Andika bei. Halafu nyuma andika tarehe ya kusaga na mwisho wa kutumia, kopo la karanga liwe la wiki mbili tu. Nitumie pm mahali ulipo, nikija Dar nanunua.

---

BintiPangani

Mrejesho wa haraka jamani, kliniki tumeenda na mama mkwe leo. Nesi kampa kadi aishike yeye. Chupa imetupwa njiani tukirudi, kaitupa mwenyewe. Sasa ananiuliza uji wa mchele wa miezi sita tui liwe la kwanza au la pili?

---

MamaWatatu_Dom

La kwanza, lile zito, vijiko viwili mwishoni. Mwambie na dagaa.